Klachi isiyokata kwenye trekta la zamani: chunguza nje kabla ya kulifungua

Msimu wa kilimo unapokaribia, matrekta mengi yaliyokaa bila kazi tangu mwisho wa mavuno hutolewa kwa haraka. Betri huchajiwa, injini huwashwa na kuitika vyema. Kisha dereva hukanyaga klachi na kujaribu kuingiza gia, na sanduku la gia hujibu kwa mlio mkali wa meno yanayosagana. Hurudia mara ya pili na ya tatu, mlio ni uleule. Akizima injini, gia huingia bila ubishi wowote. Injini ikinguruma, haiingii.

Kwa lugha ya gereji, klachi hiyo haikati. Ni hitilafu inayowapata zaidi wamiliki wa matrekta ya umri mkubwa, yakiwamo Massey Ferguson 135 na 165 pamoja na Ford 5000, aina zilizoanza kutengenezwa katika miaka ya 1960. Mwenye trekta la namna hiyo mara nyingi halimi shamba lake pekee. Hulikodisha kwa majirani, wengine wakiwa wamekwisha kulipa sehemu ya fedha, na udongo uliolowa kwa mvua za kwanza haumsubiri mtu. Katika haraka hiyo hufanyika maamuzi mawili yenye gharama. La kwanza ni kulazimisha gia kwa nguvu, jambo linalovunja meno ya gia. La pili ni kuagiza diski mpya na kuita fundi alitenganishe trekta katikati, kazi kubwa inayoweza kulilaza trekta kwa siku kadhaa, ilhali pengine tatizo lilikuwa kwenye pini ya fimbo ya pedali.

Ili kuelewa kwa nini uchunguzi wa nje hutangulia, ni vyema kufahamu kinachotokea mguu unapokanyaga. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili, nalo huzunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Mbele yake kuna diski ya klachi, iliyovikwa ngozi ngumu pande zote mbili, ambayo imeshikana kwa meno na shafti inayoingia kwenye sanduku la gia. Presha pleti, yenye springi kali, huibana diski hiyo kwenye flaiwili ili vyote vizunguke pamoja. Pedali ikikanyagwa, fimbo huvuta mkono wa shafti ya mlalo, uma uliomo ndani husukuma beringi ya klachi, beringi hukandamiza vidole vya presha pleti, na vidole huivuta pleti nyuma. Nafasi inayopatikana kati ya diski na flaiwili ni ndogo mno, lakini inatosha diski kusimama huku injini ikiendelea kuzunguka. Kiungo kimoja katika mnyororo huo kikipoteza milimita chache za mwendo, diski haiachii kikamilifu.

Jaribio la kuthibitisha hitilafu ni jepesi. Trekta likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na gia iko huru, injini huachwa izunguke polepole. Pedali hukanyagwa hadi mwisho na kushikiliwa kwa sekunde tano hadi kumi, kisha dereva hujaribu kuingiza gia ya kurudi nyuma kwa utaratibu. Kusubiri huko kuna sababu: sanduku la gia la matrekta mengi ya zamani halina nyenzo ya kusawazisha mwendo wa gia, kwa hiyo shafti yake huendelea kuzunguka kwa muda mfupi hata klachi inapokata vizuri. Gia ikiingia kimya baada ya kusubiri, klachi ni nzima na dereva anahitaji tu kuongeza subira. Ikisaga hata baada ya sekunde kumi, klachi haikati.

Swali linalofuata ni la historia kuliko la ufundi: je, tatizo lilianza lini? Jibu lake hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Klachi iliyokuwa ikikata kwa shida zaidi wiki baada ya wiki huashiria kulika kwa viungo. Iliyokuwa nzima siku trekta lilipoegeshwa, kisha ikakataa siku lilipotolewa baada ya miezi, karibu kila mara ni diski iliyogandishwa na kutu. Iliyoharibika ghafla katikati ya kazi, pengine kwa kishindo, ina kitu kilichovunjika. Na ile iliyoanza kusumbua mara tu baada ya fundi kubadilisha diski, kasoro yake itafutwe katika ufungaji.

Viungo vya nje

Ukaguzi wa viungo hufanywa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa kabari mbele na nyuma. Mtu mmoja hukaa kwenye kiti na kukanyaga pedali polepole kwa mkono au mguu, mwingine hutazama ubavuni. Kinachopimwa kwanza ni mchezo wa pedali, yaani umbali ambao pedali hushuka kabla ya kukutana na ukinzani wa springi za klachi. Katika matrekta mengi ya zamani umbali huo ni wa takriban sentimita mbili hadi nne kwenye ncha ya pedali, ingawa kila aina ina kipimo chake na njia yake ya kupima, na kitabu cha trekta ndicho chenye kauli ya mwisho. Mchezo ukiwa mdogo mno, klachi huteleza. Ukizidi, safari ya pedali huisha kabla diski haijaachiwa.

Hapa pana jambo ambalo wamiliki wengi huelezwa kinyume. Diski inapolika kwa matumizi ya kawaida, mchezo wa pedali hupungua, hauongezeki. Kwa hiyo trekta lenye klachi isiyokata na pedali yenye mchezo mkubwa halidai diski mpya. Linadai kuangaliwa pini zilizolika, matundu ya uma yaliyopanuka na kuwa kama yai, fimbo iliyopinda, au nati ya kurekebishia iliyolegea. Kila tundu lililopanuka hula sehemu ya mwendo, na tundu tatu au nne zikiungana zinatosha kuizuia klachi isikate. Pini mpya na kurudishwa kwa mchezo kwenye kipimo chake huwa tiba kamili, tena kwa gharama isiyofikia hata sehemu ndogo ya bei ya diski.

Mkaguzi aangalie pia mkono unaoshika shafti ya mlalo pale inapotokeza kwenye kasha la klachi. Iwapo pedali inashuka na mkono unageuka ilhali shafti yenyewe haigeuki, au inageuka kidogo kuliko mkono, basi kabari au pini inayovishikanisha imekatika. Iwapo shafti inageuka vizuri lakini pedali ni nyepesi isivyo kawaida, uma wa ndani unaweza kuwa umepinda au umetoka mahali pake, na hilo haliwezi kurekebishwa kwa nje. Katika matrekta machache yanayotumia mafuta ya haidroliki badala ya fimbo, kiwango cha mafuta, uvujaji na hewa ndani ya bomba huangaliwa kabla ya jambo lingine lolote.

Diski iliyogandishwa na kutu

Iwapo viungo vyote ni vizima, pedali ina uzito wake wa kawaida na trekta lilikuwa limekaa, mshukiwa ni kutu. Flaiwili na presha pleti vimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho hushika kutu upesi kinapopata unyevu, na ngozi ya diski huhifadhi unyevu huo kama kitambaa. Trekta lililolima kwenye matope ya mashamba ya mpunga, kama ilivyo Kilombero au Mbarali, kisha likaegeshwa nje bila kukauka, linaweza kuwa limebeba maji ndani ya kasha la klachi. Springi zinaendelea kubana miezi yote hiyo, na diski hushikana na chuma kana kwamba imegundishwa.

Njia ya kwanza ya kuiachia ni ya upole na haihitaji mtu wa pili. Injini huwashwa gia ikiwa huru hadi ipate joto, kisha huzimwa. Pedali hukandamizwa hadi mwisho na kuzuiwa kwa ubao imara ulioegemezwa kwenye kiti au usukani, na trekta huachwa hivyo usiku kucha. Diski iliyoshikwa kidogo huachia yenyewe, na asubuhi gia huingia bila kelele. Zoezi hilo linaweza kurudiwa kwa siku mbili au tatu.

Likishindikana, trekta huvutwa na lingine huku injini ya lile bovu ikiwa imezimwa. Katika matrekta mengi ya dizeli ya zamani ufunguo hauzimi injini; huzimwa kwa kuvuta kizimio kinachokata mafuta. Kizimio hicho sharti kibaki kimevutwa, la sivyo injini inaweza kuwaka yenyewe trekta linapoburutwa. Gia ya juu huingizwa, pedali hukandamizwa kwa ubao, dereva hukaa kwenye kiti akiwa tayari kwa breki, na trekta la mbele huvuta polepole mahali tambarare na pa wazi. Magurudumu ya nyuma hujaribu kuizungusha diski, wakati mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unaizuia flaiwili isizunguke. Kati ya nguvu hizo mbili, gamba la kutu hukatika, mara nyingi kwa mlio mmoja mfupi. Gia ya juu ndiyo inayofaa kwa sababu ndiyo inayofikisha nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha kwenye diski. Baada ya mivuto kadhaa isiyozaa matunda, zoezi lisitishwe.

Wapo waendeshaji wazoefu wanaoliwasha trekta likiwa ndani ya gia, pedali imekanyagwa, kisha wakaliendesha shambani wakipandisha na kushusha mafuta kwa ghafla na kugusa breki hadi diski iachie. Njia hiyo hufanya kazi. Hata hivyo, trekta huondoka papo hapo stata inapozunguka, na halisimami kwa klachi. Husimama kwa kizimio na breki tu. Haifai uani, karibu na ghala, kwenye mteremko wala mahali penye watoto, na si ya kujifunzia.

Jambo lisilokubalika kabisa ni kuliwasha trekta hilo mtu akiwa amesimama chini, kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi au spana. Matrekta mengi ya zamani hayana swichi inayozuia stata kuzunguka gia ikiwa imeingizwa, na hata yale yenye swichi hiyo hupoteza ulinzi wake stata inapounganishwa kwa namna hiyo. Mtu aliyesimama kati ya gurudumu la mbele na la nyuma hana pa kukimbilia. Gurudumu la nyuma humfikia kabla hajanyanyua mkono kutoka kwenye stata. Vifo vya namna hiyo vimetokea katika nchi nyingi zinazotumia matrekta, na waathirika mara nyingi ni watu waliofanya hivyo mara kadhaa bila kudhurika.

Hatari ya pili inayofanana na hiyo ni kulifunga trekta kwa mnyororo kwenye mti na kuliendesha ili “kuikata” klachi kwa nguvu. Magurudumu ya nyuma yanaposhindwa kusogea, nguvu ya injini hulinyanyua trekta lenyewe upande wa mbele na kulipindua kinyumenyume juu ya dereva, kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kuitikia. Trekta la zamani lisilo na fremu ya kinga halimwachii nafasi.

Onyo la tatu ni la gharama. Kunyunyizia dizeli, mafuta ya taa au mafuta ya kulegeza kutu ndani ya kasha la klachi kunaweza kuiachia diski, lakini ngozi hufyonza mafuta hayo. Klachi iliyokuwa haikati hugeuka kuwa klachi inayoteleza, na hapo ndipo diski mpya inakuwa haiepukiki.

Diski ikishaachia, trekta lipewe kazi nyepesi kwa siku ya kwanza ili uso wa chuma ujisafishe. Likitetemeka kila linapoondoka, kipande cha ngozi huenda kilibanduka na kubaki kwenye chuma, na kulifungua hakuepukiki.

Tatizo likiwa ndani

Kabla ya kulitenganisha trekta, ipo fursa moja zaidi. Makasha mengi ya klachi yana mfuniko mdogo ubavuni au chini unaofunguliwa kwa boliti chache. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akikanyaga pedali, mwingine kwa tochi anaweza kuona iwapo beringi inavigusa vidole vyote kwa wakati mmoja. Kidole kimoja kikiwa chini kuliko vingine, kimevunjika au kimelika ncha, presha pleti hurudi nyuma kwa upande mmoja tu, na upande wa pili huendelea kuburuza diski. Katika baadhi ya aina, vidole hurekebishwa kupitia mlango huohuo.

Matrekta yenye klachi ya hatua mbili, yakiwamo baadhi ya Massey Ferguson 135, yanahitaji uangalifu wa ziada. Pedali ikikanyagwa hadi nusu, trekta husimama lakini shafti ya nyuma inayoendesha mashine, maarufu kama PTO, huendelea kuzunguka. Ikikanyagwa hadi mwisho, nayo husimama. Trekta linalosimama vizuri ilhali PTO haisimami lina tatizo la hatua ya pili peke yake, na mara nyingi ni suala la vipimo. Dereva asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuihukumu klachi nzima kwa kosa la nusu yake.

Yapo mambo yasiyoonekana hadi trekta lifunguliwe: diski iliyopinda, kitovu cha diski kilichokwama kwenye meno ya shafti kwa kutu, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokauka na kuiburuza shafti hata diski inapokuwa huru. Kwa trekta lililotoka kufungwa upya, diski iliyowekwa kinyume ni kosa la mara kwa mara. Kosa lingine ni kuliacha sanduku la gia lining’inie kwenye diski wakati wa kuunganisha. Uzito wake huipinda diski mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Kulitenganisha trekta si kazi ya kufanyia chini ya mwembe kwa jeki moja. Matrekta mengi hayana fremu ya kubeba injini. Injini na sanduku la gia ndivyo uti wa mgongo wake. Boliti zikishaondolewa, nusu mbili hubaki zimesimama kila moja peke yake, na nusu ya mbele imekaa juu ya ekseli inayocheza kwenye pini yake ya katikati. Ndiyo maana fundi makini huanza kwa kupigilia kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli hiyo na mwili wa trekta, ili injini isipinduke ubavu. Stendi imara huwekwa chini ya kila nusu. Jeki hutumika kuinulia tu, si kushikilia.

Vumbi lililomo ndani nalo lina madhara. Ngozi za klachi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linatambua kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Vumbi hilo lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Hulowanishwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa, ambacho hufungwa kwenye mfuko na kutupwa bila kukaushwa.

Kwa kuwa kazi ya kufungua ni kubwa kuliko bei ya vipuri vidogo, beringi ya klachi, beringi ya katikati na sili za mafuta hubadilishwa pamoja na diski hata kama zinaonekana nzima. Diski ya zamani ipelekwe dukani ikiwa mkononi, kipenyo chake kipimwe na meno ya kitovu yahesabiwe, kwani trekta la jina moja linaweza kuwa na diski za aina zaidi ya moja.

Mwenye trekta ambalo bado ni zima anaweza kujiepusha na mengi ya haya kwa tundu moja dogo lililo chini ya kasha la klachi, ambalo katika aina nyingi huwa na pini inayochezacheza ndani yake ili lisizibe. Kazi yake ni kutoa maji na mafuta. Likizibwa na tope, maji hubaki ndani. Lisafishwe kila baada ya kazi ya matope, na kinachodondoka kichunguzwe: mafuta meusi mepesi ni ya injini na huashiria sili ya nyuma ya kranki, mafuta mazito yenye harufu kali ni ya sanduku la gia. Trekta liegeshwe chini ya paa, injini iwashwe kila baada ya wiki mbili au tatu na pedali ikanyagwe mara kadhaa. Linapokaa muda mrefu, pedali ifungwe ikiwa chini, kwa kikulabu kilichowekwa na mtengenezaji au kwa ubao, ili diski isiguse flaiwili.

Wanaohitaji msaada wa kitaalamu wanaweza kuanzia kwa afisa anayeshughulikia zana za kilimo katika halmashauri yao. Mafundi wa magari na mitambo hufunzwa katika vyuo vya VETA nchini, na Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) kilichopo Arusha hushughulikia majaribio na ubora wa zana za kilimo. Anayepiga simu kuomba fundi aeleze aina ya trekta, tatizo lilianza lini, mchezo wa pedali ni sentimita ngapi, na iwapo PTO inasimama. Kwa majibu hayo manne, fundi atajua kama abebe pini na spana au stendi na kabari.